Mashindano ya brimu kwenye maziwa ya Gippsland: mwongozo kamili, kuanzia leseni hadi mizani

Wengi wanaoingia mashindano haya mara ya kwanza hawashindwi kuvua. Wanashindwa kufikisha samaki kwenye mizani. Samaki kafia tangini, au kapungua nusu sentimita, au boti imefika gatini dakika chache baada ya muda kwisha na uzito wote umekatwa. Mwongozo huu unashughulikia makosa hayo hatua kwa hatua. Umeandikwa hasa kwa wasomaji wanaoishi Melbourne, Shepparton na Mildura, wengi wao wakiwa wazoefu wa mshipi kutoka ziwa Tanganyika, ambao mashindano ya Australia bado yanawatatiza.

Samaki anayezungumzwa hapa ni brimu mweusi, Acanthopagrus butcheri, mkazi wa midomo ya mito ya kusini mwa Australia. Si sato wala perege, ambao Zambia na Zimbabwe huitwa kwa jina hilohilo. Mbinu za perege hazitakufaa hapa.

## Vitu vya kuandaa

Karatasi na ruhusa

- Leseni ya uvuvi wa burudani ya jimbo la Victoria. Anaihitaji kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 69, isipokuwa waliosamehewa kisheria. Inauzwa mtandaoni, ya siku 3, siku 28, mwaka 1 au miaka 3.
- Leseni ya kuendesha chombo cha majini, kama boti ya injini utaiendesha wewe.
- Usajili wa boti ambao haujaisha muda.
- Uthibitisho wa kujiandikisha kwenye shindano, pamoja na kanuni zake zilizochapishwa kwenye karatasi. Simu ikilowa, karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki bado inasomeka.

Vifaa vya kuvulia, kwa mtu mmoja

- Fimbo 3 au 4 nyepesi za grafaiti, za mita 2 hadi 2.2, zilizoandikwa kilo 1–3 au 2–4.
- Rili za ukubwa wa 1000 hadi 2500 zenye breki laini isiyokwama.
- Uzi wa kusuka wa PE 0.4 hadi 0.8 (PE ni namba ya unene wa uzi).
- Uzi wa mbele wa fluorokaboni: ratili 4 kwa maji maangavu, ratili 6 kwa penye miti iliyozama. Beba roli mbili za kila aina.
- Chambo laini cha plastiki, sentimita 5 hadi 6.5, pamoja na ndoano zenye kichwa cha risasi za gramu 1.5, 2 na 3.5.
- Bapa za chuma zinazotetema, milimita 35 hadi 45, gramu 3 hadi 5.
- Chambo kigumu chenye mdomo wa kuzamia, milimita 35 hadi 50: cha kuzama mita 1 na cha kuzama mita 2.5.
- Kaa wa plastiki wachache, kwa kuvua kwenye nguzo za magati.
- Koleo lenye mdomo mrefu, mkasi wa uzi na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji.

Chambo halisi, yaani kamba, minyoo au kome, acha nyumbani. Mashindano makubwa ya brimu ni ya chambo bandia tu, na kukutwa na chambo halisi botini kunatosha kukuondoa.

Vifaa vya samaki hai

- Tangi lenye pampu ya kuingiza maji, pampu ya kuyazungusha na kifaa cha kupuliza hewa. Lita 60 zitoshe samaki 5. Boti ikibeba samaki wa watu wawili wanaoshindana kila mmoja kivyake, tafuta lita 100 au zaidi.
- Betri ya ziada kwa ajili ya pampu peke yake.
- Wavu wa kuopolea wenye nyuzi za mpira zisizo na mafundo.
- Ubao wa kupimia urefu wenye ukuta mbele, ili pua ya samaki iegemee.
- Klipu laini za rangi tofauti, zisizotoboa, za kutambulisha samaki.
- Kipimajoto, na wakati wa kiangazi chupa 2 za maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa vizuri.

Usalama

Jaketi okozi kwa kila mtu, kamba ya kuzimia injini, redio ya majini, taa, filimbi, nanga yenye kamba ya kutosha, na nguo za kuzuia upepo. Hata mwezi wa Januari asubuhi za Gippsland zina baridi ya kukufanya ushindwe kufunga fundo.

## Hatua ya 1: Jua unaingia shindano la namna gani

Mitindo ni mitatu. Katika wa kwanza, watu wawili ni timu moja na wanapeleka mfuko mmoja wa samaki. Katika wa pili, nahodha mwenye boti hupangiwa kwa droo mwenza asiye na boti, na kila mmoja anashindana kivyake. Wa tatu ni wa kayaki, mtu mmoja chombo kimoja.

Kwa mgeni, mtindo wa pili ukiwa mwenza ndio shule bora. Huhitaji boti, na unakaa kutwa nzima karibu na mtu anayeyajua maji yale.

Soma kanuni ukiwa na kalamu na uzungushie mambo haya: idadi ya samaki wanaopimwa (kwenye boti mara nyingi ni 5, kwenye kayaki mara nyingi ni 3), urefu wa chini na jinsi unavyopimwa, mipaka ya maji yanayoruhusiwa, saa ya kurudi, adhabu ya kuchelewa, adhabu ya samaki aliyekufa, na umbali wa kukaa kutoka kwa mshindani mwingine. Kanuni hizi hutofautiana kati ya mwandaaji na mwandaaji. Usitumie kumbukumbu za shindano la mwaka jana.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kuyajibu yote saba bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 2: Linganisha sheria ya jimbo na kanuni za shindano

Sheria ya Victoria inataka brimu asipungue sentimita 28, kuanzia ncha ya pua hadi ncha ya mkia, na mtu mmoja asiwe na zaidi ya 10. Shindano linaweza kuwa kali kuliko sheria, lakini haliwezi kuilegeza.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Baadhi ya mashindano hupima hadi panda ya mkia, pale unapogawanyika, wala si hadi ncha. Samaki mmoja hutoa namba mbili tofauti. Chora kwa wino usiofutika mstari wa kila kipimo kwenye ubao wako kabla ya kuondoka nyumbani.

Kisha jiwekee kanuni yako: samaki anayegusa mstari kwa shida, mrudishe majini hapohapo. Mwili wake ukikaza akiwa tangini, ubao wa mwamuzi utasoma pungufu, na samaki mfupi anayefikishwa mezani huwa na adhabu ya kupunguziwa uzito wa samaki wengine.

## Hatua ya 3: Yajue maji kabla hujayaona

Maziwa ya Gippsland yako mashariki mwa Victoria, mwendo wa takribani kilomita 300 kutoka Melbourne. Makubwa ni matatu. Wellington liko magharibi, Victoria katikati na King mashariki. Mlango wa bahari ni mmoja tu, Lakes Entrance. Mito Mitchell, Nicholson na Tambo huingia ziwa King. Latrobe na Avon huingia Wellington.

Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo hupita chini na kupanda mito kama kabari, huku maji baridi ya mto yakiteremka juu yake. Mtoni unaweza kuchota maji matamu kwa mkono ilhali mita 3 chini yake kuna chumvi. Brimu hupenda kukaa karibu na mpaka wa tabaka hizo mbili, na hutaga huko pia. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye mto wowote ni hili: chumvi imepanda hadi wapi wiki hii?

Majira yanaeleza mengi. Majira ya baridi, Juni hadi Agosti, samaki wengi hujikusanya mitoni kwenye mashimo na kingo za kina. Kuanzia mwisho wa baridi na majira ya machipuko wapo mitoni kwa ajili ya kutaga. Kiangazi hutawanyika maziwani, kwenye majani ya chini, kuta za mawe, magati na vitanda vya kome.

Mvua kubwa milimani hubadilisha kila kitu. Maji ya kahawia yakiteremka husukuma chumvi, na samaki huifuata hadi mdomo wa mto na ziwani. Ukikuta Tambo imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiipande kwa ukaidi. Vua pale maji machafu yanapokutana na masafi.

Usipoteze muda mwingi kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Karibu na Lakes Entrance mkondo una nguvu, lakini ndani zaidi maji hupanda na kushuka kidogo sana. Huko ndani upepo ndio wenye kauli.

Na upepo huo ni wa kuogopwa. Wellington ina wastani wa kina usiofika mita 3, kwa hiyo upepo wa magharibi huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama na yanayofuatana bila kukupa nafasi. Ziwa Victoria ni refu na limelala kwenye mwelekeo huohuo. Safari ya dakika 40 asubuhi inaweza kuchukua saa moja na nusu jioni.

Angalia pia matangazo ya mwani wa bluu-kijani, unaotokea maziwani humu nyakati za joto. Ukitangazwa, usiyaingize maji hayo kwenye tangi.

## Hatua ya 4: Tumia siku za mazoezi kutafuta, si kuvua

Siku ya mazoezi ina kazi moja, nayo ni kupata maeneo matatu yanayofanana. Eneo moja halitoshi, kwa sababu boti nyingine inaweza kufika kabla yako. Maeneo kumi yasiyofanana nayo hayana faida, maana hutakuwa umejifunza chochote cha kurudia.

1. Anza na mto mmoja na sehemu moja ya ziwa. Mfano mzuri kwa mgeni ni Tambo pamoja na ghuba za Metung, au Mitchell pamoja na gati za Mitchell, zile ndimi ndefu za matope ulizozijenga mto huo zikaingia ziwani kwa kilomita kadhaa.
2. Tembea polepole kwa mota ya umeme huku ukisoma kipimakina. Tafuta pale kina kinaposhuka ghafla, kwa mfano kutoka mita 1.5 hadi mita 4.
3. Rusha dakika 20. Ukipata samaki wawili, weka alama kwenye GPS na uondoke. Kuendelea kuwachoma ndoano leo ni kuwafundisha kukataa kesho.
4. Andika kina, aina ya chini, upande wa upepo, joto la maji na chambo alichokula.
5. Pima muda halisi kutoka kila eneo hadi gati la kurudia.

Fahamu kwamba kuna saa ambayo kuanzia hapo kupokea habari za maeneo kutoka kwa mtu asiye mwenza wako kunakatazwa. Baada ya saa hiyo, hata ujumbe wa rafiki unaosema "nenda pale darajani" unaweza kukugharimu shindano zima.

## Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia shindano

Funga uzi mpya wa mbele kwenye fimbo zote, urefu wa mita 2 hadi 3. Kwa kuuunganisha na uzi wa kusuka, fundo liitwalo FG ndilo jembamba kuliko mengine na hupita kwenye pete za fimbo bila kukwaruza. Lowesha fundo kabla ya kulikaza, kwa sababu joto la msuguano hudhoofisha fluorokaboni. Livute kwa nguvu sasa. Likikatika sebuleni hujapoteza kitu.

Weka breki ya rili kati ya gramu 700 na kilo 1, ukipima kwa mizani ndogo ya ndoano. Mkono hudanganya. Breki kali hunyoosha ndoano hizi nyembamba, na legevu humpa samaki muda wa kuingia kwenye miti.

Chaji betri zote. Washa pampu za tangi kwa nusu saa likiwa na maji na usikilize. Pampu inayoguguma leo, kesho itasimama.

## Hatua ya 6: Mkutano na droo

Mkutano wa kanuni ni wa lazima. Ukikosa, mara nyingi huruhusiwi kuanza. Andika saa rasmi na ulinganishe saa yako ya mkononi na ya mwamuzi hadi sekunde.

Kama kuna droo, zungumza na mliyepangiwa usiku huohuo kuhusu mambo manne: mtakutana wapi na saa ngapi, mwenza abebe fimbo ngapi (4 zinatosha), nani anashika wavu, na gharama ya mafuta mtagawanaje. Nahodha ndiye anayeamua boti iende wapi. Mwenza ana haki ya nafasi ya kurusha, na nahodha muungwana huipa boti pembe itakayowafaa wote wawili.

Mwenza, usimwombe nahodha abadilishe mpango kila samaki akikataa. Jifunze kuvua maji aliyoyaacha: tumia chambo kizito kidogo au cha polepole zaidi kuliko chake.

## Hatua ya 7: Asubuhi, kabla ya kuondoka

Fika kwenye mteremko wa boti saa moja na nusu kabla. Foleni ni ndefu, na anayefika mwisho ndiye anayesahau kizibo cha boti.

Waamuzi hukagua matangi kuhakikisha hakuna samaki, na hukagua vifaa vya usalama. Jaketi okozi livaliwe na kamba ya kuzimia injini iunganishwe mwilini kabla injini haijawaka. Ondoka kwa namba yako.

Heshimu maeneo ya mwendo wa noti 5, takribani kilomita 9 kwa saa, hasa Paynesville. Hapo kivuko cha kwenda kisiwa cha Raymond huvuka kwa minyororo. Kisubiri kipite, na usikate mbele yake. Pomboo pia ni wakazi wa maziwa haya. Boti hairuhusiwi kuwasogelea chini ya mita 100.

## Hatua ya 8: Kuvua

Gawa siku yako. Kama kipindi ni saa 7, saa mbili za kwanza ni za kujaza idadi, hata kwa samaki wa kawaida. Katikati tafuta wakubwa. Dakika 45 za mwisho vua karibu na gati. Anayeanza kwa kuwinda mkubwa mara nyingi hufika mezani na samaki wawili, na wawili wakubwa ni nadra kuwashinda watano wa wastani. Brimu wa kilo 1 hapa ni mkubwa kweli.

Kingo za kina. Hili ndilo eneo la bapa la chuma. Rusha juu ya kina kifupi, liache lifike chini, kisha inua ncha ya fimbo sentimita 30 hivi, upesi, mpaka usikie mtetemo. Lishushe uzi ukiwa umenyooka kidogo. Subiri sekunde 3 hadi 5, na kwenye baridi kali sekunde 10. Brimu hulidaka linaposhuka au likiwa limetulia, hivyo mara nyingi utakachosikia ni uzito tu, bila pigo la kushtua. Inua taratibu na uanze kuzungusha rili. Ukilivuta kwa ghafla utalitoa mdomoni.

Miti iliyozama mitoni. Tumia chambo laini chenye kichwa cha gramu 1.5 hadi 2. Kirushe kigonge karibu na shina na kizame chenyewe bila kuvutwa. Hesabu sekunde. Kama jana alikula kwenye sekunde ya sita, leo anza kuangalia uzi kwenye ya tano. Akidaka, mvute kwa pembeni, si juu, ili kichwa chake kigeuke na kutoka kwenye matawi. Sekunde mbili za kwanza ndizo zinazoamua.

Magati na boti zilizofungwa. Kaa wa plastiki hushushwa kando ya nguzo na kuachwa chini. Acha uzi ulegee kidogo na uutazame. Ukianza kutembea, kaza. Usirushe kwenye boti za watu zenye mtu ndani.

Kina kifupi chenye majani. Chambo kigumu cha kuzama mita 1, kwa mwendo wa polepole wenye vituo. Kikigusa majani, simamisha. Kitapanda chenyewe, na hapo ndipo anapokifuata.

Fimbo moja tu ndiyo iwe majini kwa wakati mmoja. Nyingine zikae tayari.

Ikipita nusu saa bila kuguswa, badilisha kina kabla ya kubadilisha rangi ya chambo. Rangi ndiyo watu hubadilisha kwanza, na mara nyingi ndiyo isiyo na kosa.

## Hatua ya 9: Kutoka ndoanoni hadi tangini

Hapa ndipo mashindano yanapopotea, kwa hiyo soma polepole.

Jaza tangi ziwani, si mtoni. Pampu huchota maji ya juu, na juu mtoni ni maji baridi, mara nyingi yenye tope. Samaki uliyemtoa kwenye chumvi ya chini akitumbukizwa humo anashtuka. Brimu huvumilia chumvi nyingi na kidogo, ila badiliko la ghafla pamoja na uchovu wa ndoano ni mzigo mkubwa. Jaza tangi ziwani kabla ya kupanda mto, ukiwa mtoni zungusha maji hayohayo huku hewa ikipulizwa, kisha ukirudi ziwani badilisha nusu yake.

Mkono uliolowa. Lowesha mikono, ubao na wavu kabla samaki hajaguswa. Mkono mkavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Laza miiba ya mgongo kwa kuanzia kichwani kwenda nyuma. Usiingize kidole mdomoni, kwani meno hayo ni ya kuvunjia kome.

Muda nje ya maji. Toa ndoano, pima urefu na mwingize ndani ya sekunde 30. Ndoano ikiwa ndani sana, kata uzi na uiache. Kuichokonoa hupasua matamvua.

Hewa. Kifaa cha kupuliza hewa kiwake tangu samaki wa kwanza na kisizimwe. Kukizima kwa "dakika mbili tu" ili kuokoa betri ndiyo njia ya kawaida ya kuua mfuko mzima.

Joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Kiangazi weka chupa moja iliyogandishwa na uangalie kipimajoto. Usishushe zaidi ya nyuzi 3 chini ya joto la ziwa.

Uchafu. Badilisha sehemu ya maji kila nusu saa ukiwa kwenye maji safi. Povu jingi juu ya tangi ni dalili kwamba umechelewa.

Samaki aliyetolewa kina kirefu akilala ubavu, huenda kibofu chake cha hewa kimejaa. Wazoefu humwekea klipu yenye uzito mdogo kwenye mapezi ya chini ili akae wima, kanuni zikiruhusu. Usimtoboe kwa sindano kama hujafundishwa.

Fungua kifuniko kila dakika 15. Mambo yakiwa sawa utawaona wamesimama wima karibu na sakafu ya tangi, mgongo juu, matamvua yakifunguka kwa mwendo wa utulivu. Anayepumulia juu ya maji anakuomba hewa.

## Hatua ya 10: Kubadilisha mdogo kwa mkubwa

Idadi ikitimia, kila samaki mpya ni uamuzi. Kila anayeingia tangini mwekee klipu ya rangi yake na uandike urefu wake kwenye mkanda wa gundi juu ya kifuniko. Ukipata mkubwa zaidi, unajua rangi ya kutoa bila kuwafukuza wote watano kwa wavu.

Mbadilishe hapohapo, kabla hujarusha tena. Kuvua huku una samaki zaidi ya idadi ni kosa la kuondolewa. Usimtoe aliyekufa kwa siri na kumbadilisha. Kanuni nyingi zinakataza, na waamuzi wanalijua jambo hilo.

Urefu ukilingana, chagua mnene wa tumbo na mabega. Kwenye mizani gramu 50 hutenganisha nafasi nyingi.

## Hatua ya 11: Kurudi

Chukua muda uliopima siku ya mazoezi, ongeza nusu yake, kisha ongeza dakika 10. Safari iliyokuwa dakika 40 ipewe dakika 70. Kutoka Hollands Landing hadi Metung ni zaidi ya kilomita 30 za maji yaliyo wazi, na injini ikigoma katikati hakuna wa kukusukuma.

Adhabu ya kuchelewa kwa kawaida hukatwa uzito kwa kila dakika, kisha baada ya dakika chache matokeo yote hufutwa. Hakuna samaki wa dakika ya mwisho mwenye thamani hiyo.

Mawimbi yakiwa makubwa punguza mwendo. Tangi linaporuka, samaki hugongwa kwenye kuta na maji humwagika. Likijaa hadi karibu na kifuniko, maji hayachezi sana. Ukiona huwezi kufika salama, ita kwenye redio chaneli 16, au piga 000, kisha uwajulishe waandaaji.

## Hatua ya 12: Mizani

1. Kaa botini, pampu zikiwaka, mpaka uitwe. Usiwatie samaki kwenye mfuko kwa sababu tu foleni imeanza.
2. Chukua mfuko wa waandaaji, utie lita 5 hivi za maji ya tangi, kisha samaki. Pale ndani hewa huisha haraka, kwa hiyo nenda moja kwa moja.
3. Penye beseni za hewa kwenye foleni, zamisha mfuko humo wakati unasubiri.
4. Mwamuzi atapima urefu kwanza. Ukiwa na shaka na mmoja, sema kabla hajawekwa kwenye ubao.
5. Tazama namba kwenye mizani ikitulia, kisha soma kadi kabla ya kutia sahihi. Ukishatia sahihi, kosa la mwandishi ni lako.
6. Picha moja, mikono imelowa, kisha samaki waende kwenye tangi la kuwarudishia ziwani.

Brimu hukua polepole sana. Huyo uliyempima anaweza kuwa na umri wa miaka 15 au zaidi, na wenye umri wa miaka zaidi ya 25 wanajulikana. Ndiyo maana adhabu ya samaki aliyekufa ni kali, na ni haki iwe hivyo.

## Kama matokeo ni mabaya, tafuta sababu hapa

Hakuna samaki kabisa. Mara nyingi ulikuwa juu ya chumvi badala ya ndani yake. Chambo kilikuwa chepesi mno kufika chini, au upepo ulikuwa unakiburuta. Ongeza gramu 1 tu kwanza.

Walidaka wakaponyoka. Ndoano butu au breki kali. Pitisha ncha ya ndoano kwenye ukucha, isipokwama, itupe.

Uzi unakatika karibu na chambo. Kome na mawe wameukwaruza. Pitisha vidole kwenye sentimita 50 za mwisho kila baada ya samaki, na ukihisi ukwaruzo kata ufunge upya.

Wamekufa wawili wakati wa kurudi. Maji ya mtoni, pampu iliyozimwa wakati wa safari, au pampu iliyokuwa inanyonya hewa kwa sababu boti inakimbia na tundu lake limetoka majini. Kwa mwendo kasi ni pampu ya kuzungusha inayopaswa kuwaka, si ya kuingiza.

Uzito ni mzuri lakini umekatwa. Rudi Hatua ya 1 na Hatua ya 11.

Ukiwa na pingamizi, liwasilishe kwa maandishi kwa mwamuzi mkuu kabla muda wa mapingamizi haujafungwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo, suuza tangi kwa maji safi na ulikaushe wazi. Usitumie sabuni wala dawa ya klorini, kwani masalia yake hubaki kwenye mabomba na yataua samaki wa shindano lijalo.